Amplifaya ya Linia Inayokula Betri na Kutoa Nguvu Kidogo: Kutafuta Chanzo Dalili kwa Dalili

Fundi anayeletewa amplifaya ya transmita kwa malalamiko kwamba "inamaliza betri" mara nyingi hukimbilia transista, kwa kuwa ndizo zinazochemka na ndizo zilizo ghali. Kwa uzoefu wangu, huko ndiko chanzo kinakopatikana mara chache zaidi. Wati hupotelea kwenye mzigo usiolingana, kwenye volti isiyofaa kwa kazi iliyopo, kwenye baiasi (volti ndogo inayoifungua transista kidogo kabla wimbi halijaingia) iliyohama, na kwenye kichujio (saketi inayopitisha masafa yanayotakiwa na kuzuia mengine) kinachopashwa moto na nguvu ambayo imekwisha kuzalishwa. Transista yenyewe ichunguzwe mwisho.

Mwongozo huu unahusu amplifaya za linia za megahezi 1.8 hadi 30 zinazotumia transista mbili zinazopokezana nusu za wimbi, kuanzia wati 100 za redio ya kawaida ya SSB (njia ya kurusha sauti kwa upande mmoja tu wa masafa) hadi takriban wati 1,000. Mitambo ya namna hii bado inategemewa mahali ambapo mnara wa simu haufiki au umezimika: kambi za hifadhi, vyombo vya baharini, vituo vya misaada, na kwa watu wa redio ya ridhaa. Sehemu nyingi kati ya hizo umeme hutoka kwenye paneli za sola na betri, au kwenye jenereta ambayo dizeli yake imesafirishwa kutoka mbali. Neno linia lina maana kwamba umbo la wimbi linalotoka ni lile lile lililoingia, likiwa limekuzwa tu. Sharti hilo ndilo linaloufanya ufanisi uwe mgumu, kwa sababu karibu kila njia rahisi ya kupunguza joto huharibu umbo la wimbi.

Kabla ya kufungua kifuniko, pima

Ufanisi ni nguvu ya redio inayotoka, ikigawanywa kwa nguvu ya umeme inayoingia. Redio inayotoa wati 100 huku ikivuta ampia 20 kwa volti 13.8 inapokea wati 276, kwa hiyo ufanisi wake ni kama asilimia 36. Namba hiyo hutisha watu, lakini ndani yake mna umeme wa sehemu ya kupokelea, wa skrini, wa hatua za kusukuma zinazotangulia, na hasara ya kichujio. Usiihukumu hatua ya mwisho kwa mkondo wa redio nzima. Tafuta waya unaopeleka umeme kwenye transista za mwisho peke yake, pima mkondo hapo, na pima volti kwenye ubao wenyewe, si kwenye vituo vya betri.

Nguvu inayotoka ipimwe kwenye mzigo bandia wa omu 50 (resista inayochukua nafasi ya antena), na ipimwe baada ya kichujio. Transista mbili zikisukumwa hadi karibu na kikomo, wimbi lao hukaribia umbo la mraba, na wimbi la mraba kamili hubeba katika harmoniki ya tatu (wimbi lenye masafa mara tatu ya lile la msingi) pekee nguvu iliyo sawa na sehemu moja ya tisa ya wimbi la msingi. Anayepima kabla ya kichujio anaihesabu takataka hiyo kama nguvu, kisha anashangaa kwa nini "imepotea" mbele.

Jua pia mita yako inapima nini. Kwa jaribio la toni mbili (toni mbili zenye ukubwa sawa zikiingizwa kwa pamoja), nguvu ya wastani ni nusu ya nguvu ya kilele, na mita ya kawaida huonyesha wastani. Nimewahi kukuta amplifaya nzima imefunguliwa na transista zake kung'olewa kwa sababu mita ilisoma wati 50 badala ya 100, wakati jaribio lililotumika lilikuwa la toni mbili na amplifaya ilikuwa inatoa hasa kile ilichopaswa kutoa.

Sasa, matarajio yenyewe. Daraja la amplifaya hutaja transista inapitisha mkondo kwa sehemu gani ya wimbi. Daraja A, inayopitisha kwa wimbi zima, haiwezi kuvuka asilimia 50 hata kwa nadharia. Daraja B, ambako kila transista hupitisha kwa nusu ya wimbi, hufikia asilimia 78.5 kwa nadharia, lakini pale tu wimbi linapojaa hadi kikomo cha volti. Kwa toni mbili nadharia hiyo hiyo hushuka hadi asilimia 61.7. Daraja AB, iliyo kati ya hizo mbili na ambayo ndiyo hutumika kwa SSB, huwa kati ya asilimia 50 na 65 kwenye kilele ikiwa imetengenezwa vizuri. Kwa hiyo hatua ya mwisho inayotoa asilimia 45 kwa toni mbili haina ugonjwa wowote, na anayetafuta asilimia 75 kutoka kwake anatafuta kitu ambacho saketi hiyo haina.

Kwenye mzigo bandia ni nzuri, kwenye antena inachemka

Kama tofauti iko hapo, acha kifuniko kikiwa kimefungwa. Shida iko nje. Ili kuelewa kwa nini antena inaweza kupandisha mkondo, inafaa kujua transista zinaona nini. Tuseme amplifaya ya volti 13.8 ina transfoma ya kutolea yenye uwiano wa mizunguko 1 kwa 4, yaani ukinzani hubadilishwa mara 16. Omu 50 za antena huonekana kwenye kolekta (mguu wa kutolea wa transista) kama omu 3.1. Ikiwa transista inaweza kushusha volti yake hadi kama 1.8 tu, inabaki na volti 12 za kuchezea, na nguvu ya juu kabisa isiyopotoshwa ni volti hizo zikizidishwa kwa zenyewe, mara mbili, zigawanywe kwa ukinzani: kama wati 92.

Sasa weka antena yenye SWR ya 2 (SWR hupima jinsi antena isivyolingana na omu 50; 1 ni kulingana kabisa). Watu huisoma namba hiyo kana kwamba ina maana moja, na sivyo. Kutegemea urefu wa kebo na jinsi kichujio kinavyougeuza mzigo, SWR hiyo hiyo inaweza kufika kwenye transfoma kama omu 100 au kama omu 25, au kitu chochote cha katikati. Zikifika kama omu 100, kikomo hushuka hadi wati 46, na anayeendelea kupandisha sauti ya maikrofoni ili afikie wati zake za kawaida anakata vilele vya wimbi na kuchafua masafa ya jirani. Zikifika kama omu 25, amplifaya itatoa wati 92 bila kulalamika, ila mkondo utaongezeka mara 1.4 kwa nguvu ile ile, na ziada yote itakuwa joto. Mgonjwa mmoja, dalili mbili zinazopingana. Kipimo cha haraka ni kuongeza kipande cha kebo cha mita mbili au tatu kati ya amplifaya na antena: mkondo ukibadilika sana, umempata mkosaji. Dawa yake ni kuirekebisha antena, na ikishindikana, tyuna (kifaa cha kulinganisha antena na amplifaya) iwekwe. Kugusa baiasi hakutasaidia kitu.

Kebo yenyewe nayo ihesabiwe. Mita 30 za RG-58 kwenye megahezi 28 hupoteza karibu desibeli 2.5, yaani zaidi ya asilimia 40 ya nguvu, wakati kwenye megahezi 7 hasara ni kama nusu ya desibeli hizo. Hakuna marekebisho ya amplifaya yatakayorudisha kiasi kama hicho. Kwenye pwani tazama kiunganishi cha juu kabla ya kitu kingine chochote. Hewa ya chumvi hupenya chini ya mpira uliozungushwa, na ukiuchana utakuta nyuzi za shaba za kebo zimekuwa nyeusi, na mahali pengine unga wa kijani, sentimita kumi au ishirini ndani ya ganda ambalo kwa nje linang'aa kama jipya. Kata hadi ufikie shaba nyekundu. Usipoifikia, badilisha kebo nzima.

Ni nzuri asubuhi, dhaifu usiku

Hapa tafuta volti. Hesabu ya hapo juu inaonyesha kwamba nguvu hufuata volti ikizidishwa kwa yenyewe, kwa hiyo volti 13.8 zikishuka hadi 11.8 chini ya mzigo, zile volti 12 za kuchezea zinabaki 10 na kikomo kinatoka wati 92 hadi 64. Mtumiaji hajui hilo. Anaongea kwa nguvu ile ile, vilele vinakatwa, na upande wa pili wanasikia sauti inayopasuka.

Betri inaweza kuwa imechoka, lakini mara nyingi waya ndio mwembamba. Chukua umbali wa mita 5 kutoka betri hadi redio, yaani mita 10 za waya kwa kwenda na kurudi, na mkondo wa ampia 20. Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5 utapoteza volti 1.4 na wati 28. Wa milimita za mraba 4 utapoteza volti 0.9 na kama wati 17; wa milimita za mraba 10 utapoteza volti 0.35 na wati 7. Ongeza ukinzani wa kishikio cha fyuzi na wa vichwa vya waya vilivyobanwa kwa koleo badala ya kifaa chake. Pima volti kati ya kituo chanya cha betri na mahali chanya kinapoingia kwenye amplifaya, mtu akiwa amebonyeza kitufe na kupiga mluzi kwenye maikrofoni: hapo mita inakuonyesha hasara yenyewe moja kwa moja. Fanya hivyo hivyo kwa upande hasi, ambao husahauliwa. Jihadhari na waya wa alumini uliopakwa shaba, unaouzwa kwa unene ule ule na bei ya kuvutia. Ukinzani wake ni kama mara moja na nusu ya ule wa shaba. Ukikwaruza uzi mmoja kwa kisu utaona weupe ndani.

Inapata moto hata mtu akinyamaza

Huu ni mkondo wa utulivu, yaani ule unaopita kwenye transista kitufe kikiwa kimebonyezwa lakini hakuna wimbi linaloingia. Daraja AB inauhitaji, kwa kuwa bila huo nusu mbili za wimbi hazikutani vizuri pale katikati na sauti hukwaruza. Lakini unalipiwa kila sekunde. Amplifaya ya transista za LDMOS (aina ya transista za nguvu) za volti 50 iliyowekewa ampia 1.5 za utulivu huunguza wati 75 bila kusema neno. Ikiwa baiasi yake haizimwi wakati wa kupokea, na kituo kiko hewani saa kumi kwa siku, hizo ni wati-saa 750, wakati betri ya volti 12 na ampia-saa 100 ina wati-saa 1,200 tu kwa jina. Jambo la kwanza, basi, ni kuhakikisha kwamba baiasi inakatika kabisa kitufe kinapoachiwa. Bonyeza, achia, na uangalie mkondo: unapaswa kurudi karibu na sifuri mara moja. Nimeona rilei iliyogandamana ikiiacha baiasi ikiwaka kwa muda ambao hakuna aliyejua, kwa sababu redio ilipokea vizuri na feni ilikuwa inazunguka wakati wote.

Jambo la pili ni kama mkondo huo unatulia au unatembea. Weka mzigo bandia, usiingize wimbi lolote, bonyeza kitufe, andika mkondo wa sekunde ya kwanza, kisha wa dakika ya pili. Ukipanda na kuendelea kupanda, fidia ya joto haifanyi kazi. Volti inayohitajika kuifungua transista ya kawaida hushuka kama milivolti 2 kwa kila nyuzi moja ya joto. Baiasi isiyoshuka pamoja nayo huifungua zaidi kadiri inavyopata moto, nayo hupata moto zaidi kwa kuwa imefunguka zaidi, hadi fyuzi ikatike au kitu kingine kikatike kabla yake. LDMOS nazo, kwenye mikondo midogo ya utulivu, huenda upande huo huo ingawa hazikimbii ovyo namna hiyo.

Kuna redio moja ya gari iliyonichukua siku nzima kwa sababu ya hili. Ilipokuwa mezani kwangu, baridi, kila namba ilikuwa sawa. Ilipowashwa robo saa, mkondo wa utulivu ulikuwa umezidi mara tatu. Ile daiodi ndogo ya kupima joto, ambayo inatakiwa kulala juu ya ganda la transista ikiwa imezungukwa na grisi nyeupe, ilikuwa imenyanyuka kwa mtikisiko wa barabara mbaya, na kati yake na transista palikuwa na nafasi ya unene wa karatasi ya daftari. Grisi ilikuwa imekauka ikabaki na alama ya duara, kama chini ya kikombe. Niliikandamiza, nikaweka grisi mpya na kibanio kidogo cha bati, na mkondo ukatulia. Kagua pia boliti za transista zenyewe na usawa wa kipoza joto, kwa kuwa transista isiyokaa sawasawa huwa moto hata kama saketi yote ni nzima.

Unapoweka upya mkondo wa utulivu, rekebisha upande mmoja baada ya mwingine ikiwa saketi inaruhusu, ufuate thamani ya mtengenezaji, na uimalize kazi amplifaya ikiwa na joto la kazi. Usiupunguze kwa kukisia kwa sababu tu mkondo mdogo unapendeza machoni. Athari yake utaiona mwishoni mwa mwongozo huu.

Kwenye kilele ni nzuri, matumizi ya kila siku ni mabaya

Hili ndilo lililo muhimu kuliko yote, na ndilo linaloachwa zaidi. Ufanisi wa daraja B au AB hushuka sambamba na ukubwa wa wimbi: wimbi likiwa nusu ya kikomo, ufanisi nao ni nusu. Sauti ya mtu kwenye SSB haikai kwenye kilele. Hupanda kwa silabi na kuanguka katikati ya maneno. Na watu wengi hununua amplifaya kubwa kisha wakaitumia kwa nguvu ndogo "ili isichoke", wakidhani wanaokoa umeme.

Hebu tuipige hesabu. Amplifaya ya volti 50 yenye transfoma ya uwiano wa mizunguko 1 kwa 3 huona omu 5.6 na, ikibakiwa na volti 46 za kuchezea, inaweza kutoa kama wati 760. Itumie kwa wati 200. Kwa nguvu hiyo transista zinahitaji kuyumbisha volti 24 tu kati ya 50 zilizopo, na mkondo wa wastani ni kama ampia 10.8. Umeme unaoingia ni wati 540, na ufanisi ni asilimia 37. Sasa shusha umeme wa dreni (mguu wa kutolea wa LDMOS) hadi volti 30, bila kubadilisha kitu kingine. Kikomo kinakuwa kama wati 240, kwa hiyo wati 200 bado zinaingia bila kukatwa. Mkondo ni ule ule wa ampia 10.8, kwa sababu mzigo ni ule ule na nguvu ni ile ile. Lakini umeme unaoingia sasa ni wati 324, na ufanisi ni asilimia 62. Wati 216 za joto zimeondoka kwa kugeuza skrubu moja ya usambazaji wa umeme. Hizi ni hesabu za karatasi, na kwenye ubao utapata pungufu kidogo, ila mwelekeo hautabadilika.

Kwa hiyo, ikiwa kituo chako hufanya kazi kwa wati 200 mwaka mzima na huhitaji wati 700 mara moja moja, tafuta usambazaji wa umeme wenye volti mbili za kuchagua. Baada ya kushusha volti, pima tena mkondo wa utulivu na usafi wa wimbi: kapasitansi ya ndani ya LDMOS huongezeka volti ya dreni inaposhuka, na bendi za juu, hasa megahezi 28, huweza kupoteza nguvu kidogo kuliko hesabu inavyosema. Kama volti haibadiliki, njia nyingine ni kubadilisha uwiano wa transfoma ili transista zione ukinzani mkubwa zaidi, jambo linalofaa tu kwa anayejua kwamba hatahitaji nguvu ya juu tena.

Tatizo hili ni la zamani kuliko transista. Transmita za AM za miaka ya 1930 zilizotumia amplifaya za linia zilikuwa na ufanisi wa kama asilimia 33 pale mtangazaji aliponyamaza, kwa kuwa wimbi lisilo na sauti hukaa katikati ya kikomo. Mwaka 1936 William H. Doherty wa Bell Telephone Laboratories alichapisha suluhisho: valvu mbili, moja ikifanya kazi karibu na kikomo chake muda wote, na nyingine ikiamka kwenye vilele pekee, huku mtandao wenye tabia ya robo ya urefu wa wimbi ukiupunguza ukinzani unaoonwa na ile ya kwanza pale ya pili inapoanza kusaidia. Ufanisi ulivuka asilimia 60, na mwaka 1938 kituo cha WHAS cha Louisville, Kentucky, kiliwasha transmita ya kilowati 50 ya namna hiyo. Mpango huo ndio ulio leo kwenye minara mingi ya simu na transmita za televisheni ya dijitali. Kwa amplifaya ya bendi nyingi za megahezi 1.8 hadi 30 haufai kirahisi, kwa sababu ile robo ya wimbi ni ya masafa mamoja. Njia iliyo karibu zaidi na sisi ni ile aliyoieleza Leonard Kahn mwaka 1952, ya kuitenganisha bahasha ya sauti (kupanda na kushuka kwa ukubwa wa wimbi) na wimbi lenyewe kisha kuirudisha kupitia volti ya umeme, na dada yake ya kisasa inayoifanya volti ya dreni ifuate bahasha ya sauti kila wakati. Kushusha volti kwa mkono kutoka 50 hadi 30 ni wazo hilo hilo, likifanyika polepole.

Jiulize pia kama linia inahitajika. FM, telegrafu na FT8 (njia ya data ya redio ya ridhaa) zina wimbi lenye ukubwa usiobadilika, kwa hiyo amplifaya inaweza kusukumwa hadi kikomo bila kupotosha ujumbe, mradi kichujio ni kizuri. Mifumo ya data inayotumia toni nyingi kwa pamoja, kama VARA HF, haina uhuru huo. Nayo ichukuliwe kama sauti.

Bendi moja ni nzuri, nyingine inachemka

Mzigo bandia ukiwa mahali pake, andika mkondo na nguvu kwa kila bendi. Bendi za chini zikiwa mbaya, hasa 1.8 na 3.5, transfoma ya kutolea haina induktansi ya kutosha: ukinzani wake wa masafa unapaswa kuwa angalau mara nne au tano ya mzigo kwenye masafa ya chini kabisa. Bendi za juu zikiwa mbaya, shuku induktansi inayovuja kati ya mizunguko, au aina ya feraiti iliyotengeneza kiini cha transfoma. Feraiti ya namba 43 ni nzuri kwa bendi za chini lakini hupata moto kwenye bendi za juu kwa nguvu kubwa, na ikikaribia nyuzi 130 hupoteza usumaku wake. Namba 61 hupoteza nguvu ndogo zaidi kwenye bendi za juu lakini inadai mizunguko zaidi au kiini kikubwa zaidi kwa ajili ya bendi za chini. Izime amplifaya, chomoa umeme, kisha uguse viini: kidole hugundua kiini kinachochemka haraka kuliko mita.

Bendi moja pekee ikiwa mbaya huku jirani zake zote ni nzuri, ni kichujio cha bendi hiyo. Desibeli 0.5 inayopotea kwenye kichujio ni asilimia 11. Kwa wati 1,000 hizo ni zaidi ya wati 100 zinazochemsha koili na kapasita ndogo. Tafuta kapasita iliyobadilika rangi, au iliyowahi kubadilishwa na mtu aliyeweka kapasita ya aina ya X7R, isiyotulia, mahali pa zile tulivu za C0G au maika. Kwenye koili za kichujio, viini vyekundu ni vya takriban megahezi 2 hadi 30, vya njano ni vya 10 hadi 50. Kuvibadilishana kunahamisha kichujio kutoka mahali pake.

Mkondo unaruka bila mpangilio

Kama mkondo unabadilika unapoukaribia ubao kwa mkono au unapofunga kifuniko, au mita ya nguvu inaonyesha kitu bila wimbi kuingia, amplifaya inajizalishia wimbi lake. Zima mara moja. Hali hii huua transista. Tazama resista za geti (mguu wa kuingilia wa transista), ile njia ya kurudisha sehemu ya wimbi kutoka kwenye kutolea hadi kuingilia, na boliti za ardhi za ubao.

Mkondo ukiwa takriban nusu ya kawaida, nguvu ikiwa imeshuka sana, na upande mmoja wa kipoza joto ukiwa baridi, transista moja imekufa au haipati wimbi. Harmoniki ya pili, ambayo kwa kawaida hufutwa na kupokezana kwa pande mbili, itakuwa imepanda. Zote mbili zibadilishwe pamoja, kwa jozi iliyolinganishwa.

Ufanisi umepanda, na watu wa masafa ya jirani wanalalamika

Ukimaliza kazi na kufurahia mkondo mdogo, fanya jaribio la toni mbili kabla ya kurudisha kifuniko. Toni za hezi 700 na 1,900 hutumika sana. Amplifaya iliyopotosha itaziunganisha na kuzaa nyingine: kwa daraja la tatu (daraja hapa ni la mchanganyiko wa toni, si A au B), moja kwenye hezi 3,100, na nyingine hezi 500 upande wa pili wa masafa yako, mahali ambapo hupaswi kuwa na kitu; kwa daraja la tano, hezi 4,300 na hezi 1,700 upande wa pili. Kipokezi kidogo cha SDR (redio inayoendeshwa na programu) cha kuchomeka kwenye kompyuta, kikiwa na kipunguza nguvu mbele yake ili kisizidiwe, kinatosha kuziona.

Zisome kwa nguvu kubwa na kwa nguvu ndogo. Zikipanda ghafla karibu na kilele tu, unakata vilele: volti ni ndogo, mzigo ni mkubwa, au unaingiza wimbi kubwa mno. Zikiwa mbaya pia kwa nguvu ndogo, na zile za daraja la juu zinaonekana pembeni kwa mbali, mkondo wa utulivu ni mdogo mno. Upandishe hatua ndogo ndogo hadi zitakapoacha kushuka, kisha uishie hapo, kwa kuwa kuendelea kupandisha ni kununua joto bila usafi. Redio za kisasa za SDR zenye kupotosha wimbi mapema kwa makusudi ili kufuta upotoshaji wa amplifaya hukuruhusu kukaa kwenye mkondo mdogo zaidi, lakini hazisaidii kitu pale vilele vimekatwa, kwa sababu volti ambayo haipo hairudishwi na programu yoyote.

Andika kwenye karatasi na uibandike ndani ya kifuniko: volti ya ubao, mkondo wa utulivu ukiwa na joto, na kwa kila bendi, nguvu na mkondo wa toni moja kwenye mzigo bandia.